Jiwe la Nyiragongo linameza gazi ao linaitoa?

Kila tukianza kuongea juu ya Nyiragongo hapa Goma lazima wawili wagombane. Wa kwanza anasema ile volkano njo inachafua hewa, angalia moshi usiku, angalia mazuku (gazi ya kaboni inayotoka chini na kujikusanya mashimoni) kule Mugunga inaua mbuzi na hata watu, basi dunia ikipata joto sisi pia tuko ndani. Wa pili, huyu alisoma jiolojia kidogo, anasema apana, yale mawe meusi njo yanasafisha hewa. Mimi naona wote wako na haki, ila kila mmoja anaangalia saa yake.

Huyu wa mawe anaongea hivi. Mvua ikishuka inabeba gazi ya kaboni ya hewani, inakuwa asidi kidogo sana, halafu ikifika kwa lava inaikula polepole, inatoa kalsiamu na magneziamu, na kaboni inafuata maji. Kaboni ya kwetu inatoka ziwa Kivu, inashuka Rusizi, Tanganyika, Lukuga, mto Congo mpaka Atlantiki, na kule baharini viumbe wanaijengea maganda, maganda yanakuwa chokaa. Kama unachota maji ya ziwa kwa bidoni, chemsha kwa sufuria moja wiki nzima halafu kwaruza chini na kijiko, utaona ukoko mweupe. Ni chokaa ileile, ingawa Kivu ni kesi ya pekee juu gazi nyingi mle inapanda kutoka chini, haitoki kwa mvua.

Lakini si kila jiwe lina faida. Mvua ikikula chokaa ya zamani, kaboni iliyoshikwa inarudi hewani yote siku chokaa mpya inajengwa, ni sufuri. Mawe ya silika, kama basalti (jiwe jeusi la lava) na granite, njo yanabakisha nusu ya kaboni mle chokaa. Na basalti inaliwa mbio kuliko granite, zaidi fasi yenye joto na mvua.

Mbio, ndiyo, lakini njoo uone ukuta wa parsele yetu. Ulijengwa na lava ya 2002, imepita miaka zaidi ya 20, umeota ule ukungu wa kijivu na majani mawili matatu, na alama za nyundo ya fundi bado ziko. Ile ya Mei 2021 upande wa Buhene inakata kandambili mpaka leo.

Wasomi wenyewe hawakuelewana. Mwaka 1981 Walker, Hays na Kasting walisema hii ni kama kirekebisha joto: dunia ikipata joto mvua inaongezeka, mawe yanaliwa zaidi, gazi inapungua, baridi inarudi, kisha kazi inalegea na volkano zinajaza tena. Inaeleza vizuri kwa nini maji hayakuganda kabisa wakati jua changa lilikuwa dhaifu kwa karibu 30%. Kisha wakaja Raymo na Ruddiman, wakasema apana, ni milima, Himalaya ilipopanda ilileta mawe mapya mbele ya mvua na dunia ikapoa hii miaka milioni 50 ya mwisho. Mimi nilipenda hiyo sana zamani, lakini iko na tundu: kama mlima unakula gazi kuliko ile volkano inatoa, kwa miaka milioni chache hewa ingebaki tupu. Tena mlima ukipasuka unafunua mawe ya zamani yenye kaboni na pyrite (madini ya chuma na salfa), nayo yakioza yanatoa gazi. Kwa hiyo naegemea wale wa 1981, nikikubali kwamba mlima unasogeza fasi mizani inasimamia.

Sasa turudi kwa ile saa ya kila mmoja. Miaka milioni 56 iliyopita dunia ilipata joto la ghafla, digri 5 ao 6, na kurudi kulichukua zaidi ya miaka 100,000. Kwa hiyo rafiki wa mawe asitudanganye kwamba ukuta wangu utaokoa mtu. Na yule wa moshi naye: volkano zote za dunia kwa mwaka hazifiki 1% ya gazi tunayotoa kwa kuchoma petroli na makaa ya mawe.

Kuna wanaosema basi tusage basalti, tuimwage mashambani, unga unaliwa mbio kuliko jiwe zima na udongo wenye asidi unapona. Kwa kemia wako sawa. Lava nyeusi tuko nayo mpaka mlangoni, shida ni mashine ya kusaga na mazutu ya kamyo, na hiyo mazutu inatoa gazi siku ileile, wakati unga unakula yake kidogo kidogo kwa miaka.