Lori linaondoka na matoke, linaondoka na udongo pia

Mimi niko kwenye lori la matoke, zile ndizi za kupika, miaka tisa sasa, nilianza utingo na sa hii ni dereva, kutoka Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, mpaka soko la Kalerwe pale Kampala, kupitia Mbarara, Lyantonde na Masaka, na kuna kitu kimenikaa kooni muda mrefu: sisi tunaobeba matoke tunabeba na rutuba ya mashamba ya watu, halafu haturudishi kitu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja kule Isingiro, zamani alikuwa jeshini, kwa hiyo tunaongea Kiswahili bila shida manake Kinyankole changu ni cha kusalimia tu. Siku moja vijana wanapakia akaniambia kijana, njoo uone. Akanipeleka nyuma ya jiko. Migomba ya pale imenona, majani kijani cha kuiva kabisa, mkungu mmoja kijana mwenye nguvu anaubeba kwa shida. Halafu tukashuka mpaka mwisho wa shamba, hatua mia mbili hivi, mbegu ni ileile na aliipanda yeye mwenyewe, lakini shina limekonda, majani ya chini yamegeuka njano yanajikunja na kukauka kuanzia pembeni, na mkungu nauinua kwa mkono mmoja. Alikuwa amechota udongo wa nyuma ya jiko, akauweka kiganja changu cha kushoto, mweusi, una unyevu, mnyoo unajinyonganyonga ndani. Ule wa chini akauweka kulia, ukapita kati ya vidole kama unga. Akasema, "Ya hapa jikoni tunakula sisi, maganda na majivu yanabaki hapahapa. Ya kule chini unayabeba wewe."

Sikuwa na la kumjibu.

Mgomba unakula sana potasiamu, moja ya madini ya rutuba, na sehemu kubwa inaishia kwenye mkungu. Ganda peke yake ni kama theluthi ya uzito wa tunda au zaidi, na ndo limejaa hiyo potasiamu. Sasa fikiria malori yanayoingia Kampala kila usiku, mwaka baada ya mwaka. Na hii si hofu ya kesho, imeshatokea. Wazee watakwambia zamani matoke ya Kampala yalitoka hapahapa karibu, Buganda, lakini kuanzia miaka ya 1970 kilimo chake kikaanza kuhamia magharibi, udongo ulichoka, fukusi na minyoo ya mizizi wakamaliza migomba iliyokuwa tayari dhaifu. Sasa tunachota Isingiro. Isingiro ikichoka tutahamia wapi, Kongo?

Na ile rutuba ikifika mjini inaenda wapi? Nenda Kalerwe asubuhi uone marundo ya maganda. Kidogo kinachukuliwa na wenye ng'ombe, Mungu awabariki, kinachobaki kinapakiwa na uchafu mwingine wote kinaenda kutupwa. Ilikuwa Kiteezi, jalala la Kampala, mpaka tarehe 10 Agosti 2024 ule mlima wa taka ulipoporomoka ukafukia nyumba na watu, wakafa zaidi ya 30. Takataka nyingi za Kampala ni vitu vya kuoza, maganda, majani, mabaki ya chakula. Yaani watu walifukiwa na kitu ambacho shamba la yule mzee linalia likikitaka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuna watu wataniambia wakulima wanunue mbolea ya dukani basi. Siipingi kabisa, viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2006 tufike kilo 50 kwa hekta na Uganda bado iko mbali sana na hapo. Lakini bei mkulima mdogo haiwezi, na udongo ambao hauna mboji haushiki ile mbolea, mvua moja kubwa inaiosha inashuka nayo bondeni. Kwanza urudishe kitu cha kuoza, utandaze nyasi kavu, uchimbe mifereji ya kuzuia maji, halafu hata mbolea kidogo itaonekana.

Shida kubwa ya kurudisha takataka za mjini shambani ni kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Sheria ya kuyapiga marufuku yale mepesi ipo tangu 2009 na kaveera bado liko kila mahali. Mwaka juzi nilinunua mbolea ya takataka kwa jamaa mmoja, magunia kumi, nikampelekea shemeji yangu, tulipomwaga shambani ikawa vipande vya kaveera, vioo, betri za redio, mpaka sindano. Tulikaa siku nzima tunaokota na watoto hatukuwaruhusu kusogea. Kaveera likishaingia ardhini halitoki, maji hayapiti, mzizi unagota hapo, na betri ndo sumu kabisa. Kwa hiyo kutenganisha lazima kuanzie pale ganda linapotoka kwenye kisu, ukishachanganya umeshaharibu.

Na tafadhali, usirudishe maganda mabichi shambani kwa mtu. Yanaweza kubeba mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao wenyewe wanauita kiwotoka, umetutesa tangu 2001. Yarundike na samadi, yafunike, yapate moto ndani, ugeuze, usubiri miezi mitatu minne mpaka yanukie udongo. Hapo hata uzito unapungua sana, manake ganda bichi ni maji matupu.

Lori langu linarudi Isingiro karibu tupu kila safari. Dizeli nimeshalipia, nafasi ipo. Nimeongea na mama watatu wa pale Kalerwe wanaomenya matoke ya kuuza, kila mmoja amekubali kuweka gunia la maganda peke yake, na nimepata kipande cha uwanja Kawempe pa kuyaozesha. Rundo la kwanza lina wiki tano, jana niliingiza mkono katikati nikautoa haraka, lina moto. Gunia la kwanza ni la yule mzee, kwa ajili ya migomba ya kule chini.