Si uvivu tu, ndugu mwandishi

Umeandika kwamba sisi watu wa Mombasa hatupigi kura kwa uvivu. Ni kweli uchaguzi wa 2022 ulitutia aibu: nchi nzima ilifika asilimia 65 hivi, sisi hatukufika hata nusu ya waliojiandikisha. Lakini uvivu? Hapana bwana.

Hapa ni ngome ya chama cha ODM. Tangu ugatuzi, yaani serikali za kaunti, uanze 2013, ugavana haujatoka mkononi mwake, kwanza Joho, sasa Abdulswamad Nassir. Kwa wengi, mambo huisha kwenye mchujo wa chama wa kuteua mgombea, tena mchujo ambao mara nyingine hata haufanyiki, mtu anakabidhiwa tiketi tu. Sasa Agosti apange foleni alfajiri kwa lipi?

Halafu mwaka ule kura ya gavana ikaahirishwa hadi 29 Agosti kwa makosa ya karatasi za kura. Jirani yangu hapa Likoni, muuza viazi karai, alipiga ya rais akasema ya pili "watajua wenyewe". Na huyo ndiye aliyejitahidi! Wanawe wawili hata kadi ya mpiga kura hawana.