Pikipiki yako, kadi ya nani?

Mdogo wangu alimaliza mkataba wa bodaboda pale Nkuhungu. Hesabu, yaani fedha anayompelekea bosi mwenye pikipiki mpaka iwe yake, ilikuwa 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya milioni tatu, jua la Dodoma likimchoma na vumbi la Kizota likimwingia machoni. Siku ya mwisho bosi wake alimkabidhi kadi ya usajili wa pikipiki mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akamwambia, "Haya dogo, chombo chako hicho." Nyumbani tulipika pilau.

Kadi ilikuwa na jina la bosi, na ikabaki hivyo. Kila aliyeulizwa alisema kubadilisha jina ni kupoteza hela, kadi si unayo mkononi?

Miezi minane baadaye bosi akafariki. Arobaini ilipopita, watoto wake wakaja kuiulizia pikipiki ya baba yao. Siwalaumu. Mkataba hawakuuona ukiandikwa, na kadi ilikuwa inawaunga mkono wao. Ikabidi kitafutwe kikao cha ukoo na muhtasari wake, iendwe mahakama ya mwanzo apatikane msimamizi wa mirathi, mwenyekiti aitwe aeleze alichoshuhudia. Pikipiki ikalala miezi mitano ndani ya uzio. Mdogo wangu ana mke na mtoto; kwa miezi hiyo walikula kwangu.

Ndiyo maana naumia nikisikia watu wanajadili gharama za kadi kwa kutaja ada peke yake. Ada zipo, na kwa mwenye pikipiki si ndogo. Bajeti ya 2016 ilipandisha usajili wa pikipiki kutoka 45,000 hadi 95,000, na wa gari kutoka 150,000 hadi 250,000. Pima uzito wake: 95,000 kwa chombo cha milioni mbili na nusu ni karibu shilingi nne katika kila mia. Kwa gari la milioni thelathini, 250,000 haifiki hata shilingi moja katika mia. Anayenunua mpya dukani haisikii sana, maana muuzaji huiweka humo humo kwenye bei.

Anayeisikia kila shilingi ni wa mkono wa pili. Kuhamisha umiliki kuna ada yake, kuna kadi mpya, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Halafu zinakuja zile zisizo na risiti ya serikali: mwanasheria wa kugonga muhuri kwenye mkataba wa mauziano, picha, nauli ya mtu anayetoka kijijini Bahi au Mpwapwa, na siku nzima bila abiria. Kubwa kuliko zote ni kumtafuta mwenye jina. Pikipiki imeuzwa Manyoni, ikauzwa tena Singida, imefika Chang'ombe ikiwa na mmiliki wa nne, na kadi bado inamtaja wa kwanza ambaye namba yake ya simu haipatikani. Huyo naye hayuko salama: chombo kikiua mtu barabarani au kikitumika kwenye wizi, jina litakalosomwa ni lake.

Serikali inaweza kulegeza, na tumeshaiona ikilegeza. Juni 2021, hapa hapa bungeni, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, mtoto wa Iramba, alipendekeza faini ya bodaboda na bajaji ishuke kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Moyo ule ule uelekezwe kwenye kadi. Mkataba wa hesabu unapoisha, uhamisho uwe na ada moja ndogo inayojulikana, stempu isamehewe, na makabidhiano yaweze kufanyika ofisi ya kata, ambako pande zote mbili zinafahamika. Kijana aliyelipa milioni tatu kwa jasho hafai kukwamishwa na hatua ya mwisho.

Na sisi mabosi tuna sehemu yetu. Nasema sisi kwa sababu mwaka huu nimenunua pikipiki ya TVS kwa fedha za kikoba, nikampa kijana wa Majengo kwa mkataba. Kadi ina jina langu kwa sasa, ndiyo dhamana yangu, na hilo nalitetea. Ila tumeandika kipengele: katika kila hesabu anayoniletea, 300 naiweka pembeni kwa ajili ya jina lake. Kwa mwaka inafika 93,600. Mkataba unaisha Septemba, na tumekubaliana siku hiyo hiyo tunakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, wote wawili, yeye na mimi, kabla hajapakia abiria hata mmoja.