Yoti binafsi na mnara wa Chumbe: waachiwe watie nanga au wakae mbali?

Mtu ana yoti yake, ile boti ya starehe, katoka zake Dar au kashuka kutoka Mombasa, anapita kusini magharibi ya Unguja anakiona kisiwa kidogo kimejaa msitu na mnara wa taa umechomoza juu ya miti. Kwa nini asitie nanga pale, apande mnara, apige picha zake, alipe ada aondoke? Wenye yoti wanaliuliza sana hili na wengi wetu tunawajibu kwa hasira za "matajiri hao" hata hatuwasikilizi. Mimi naona wana hoja, tena nyingine nzito, ila bado sikubaliani nao na sababu yangu haihusiani na utajiri wao.

Kwa wasioijua Chumbe, ni kisiwa cha urefu wa kama kilomita moja hivi, mnara wamejenga Waingereza 1904, una ngazi 131 na mpaka leo unaongoza vyombo. Ukifika juu unaona msitu wote chini yako, Unguja upande mmoja, na magharibi mwamba wa matumbawe unavyokatika ghafla kuingia bluu. Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba huo hifadhi mwaka 1994: hakuna kuvua, hakuna kutia nanga, unaogelea na miwani yako basi, hata kupiga mbizi na mitungi ya hewa ni kwa utafiti na mambo kama hayo. Anayeendesha ni kampuni binafsi, na hela ya doria na ya kuwaleta wanafunzi wa Zanzibar kujifunza mambo ya bahari inatoka kwa wageni wanaolala kwenye vibanda saba vya kisiwani.

Sasa sikiliza upande wa yoti. Wanasema, sisi tunakuja na vitanda vyetu na jiko letu, hatuhitaji mtu akate mti kutujengea hoteli, tukiwa na tanga hata mafuta tunachoma kidogo, tuko sita tu na baada ya saa tatu hatupo. Linganisha na Mnemba, kile kisiwa cha kaskazini mashariki ya Unguja, asubuhi boti kibao zinazunguka pomboo kama daladala zinagombea abiria, na hizo si yoti za mabilionea, ni boti za kawaida za kitalii, kwa hiyo nani hasa anaharibu? Halafu kuna suala la hela. Hifadhi inayoishi kwa wageni wa vibanda saba iko kwenye hatari, 2020 korona ilipowafukuza watalii dunia nzima kila hifadhi inayotegemea utalii iliona cha moto, sasa hapa kuna watu wanakuja wenyewe na hela mkononi afu unawafukuza. Hapo kusema kweli hawajakosea.

Ila tuje kwenye nanga yenyewe, maana watu wanadhani ni kile chuma tu kinachogonga chini. Kina kikiwa mita 10, nahodha makini anamwaga mnyororo mita 40 au hata 50 ili chombo kishike vizuri. Mnyororo huo umelala chini, na hapa kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapanda na kushuka karibu mita nne, mkondo unageuka, upepo unageuka, yoti nayo inazunguka na mnyororo unaburuzwa unafagia kila kilichopo. Zile mawe kubwa za mviringo za matumbawe zinakua kama sentimita moja kwa mwaka, jiwe la ukubwa wa meza lina umri wa kumzidi babu yako, na linakwaruzwa ndani ya muda ambao wewe uko juu ya mnara unatafuta engo nzuri. Wala hukusudii, hujui hata kama imetokea.

Afu choo. Hii inanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mgeni anayelala Chumbe anatumia choo cha mboji, hakuna kuvuta maji, maji ya kuoga ni ya mvua yaliyokingwa na paa. Yoti ikikaa mita mia mbili kutoka hapo inaweza kuvuta choo moja kwa moja baharini, na MARPOL, ule mkataba wa kimataifa wa uchafuzi wa bahari, kwenye maji taka unabana meli za tani 400 kwenda juu au zenye kibali cha kubeba watu zaidi ya 15, kwa hiyo yoti nyingi za watu binafsi zinapita katikati ya tundu la wavu.

Hayo yote yana dawa lakini. Unaweka boya, yoti inafunga kamba haishushi nanga, unasema choo kifungwe, drone isiruke. Ndo maana nasema hoja kubwa siyo hiyo.

Hoja kubwa ni renja, yule mlinzi wa hifadhi. Marenja wa Chumbe walianza kama wavuvi wa vijiji vya jirani, hawabebi bunduki, kazi yao wanaifanya kwa mdomo. Ngalawa ikisogea kwenye mwamba na mishipi au dema, ule mtego wa samaki, renja anakwenda anaongea na mwenzake, bwana hapa hapavuliwi, samaki wakizaliana hapa watatoka nje ya mpaka utawapata. Na hii imefanya kazi miaka mingi kwa sababu katazo ni la kila mtu. Sasa siku mvuvi yule anafukuzwa na ndoo yake tupu, huku ameona yoti nyeupe imepumzika palepale watu wanaruka majini wanacheka, renja atamwambia nini? Atamwambia wale wamelipa? Mvuvi atauliza na mimi nilipe shilingi ngapi. Hapo maneno yameisha, na renja hana kingine zaidi ya maneno.

Najua kuna mtu atasema usawa gani huo, wakati kulala kisiwani ni dola na Mzanzibari wa kawaida hawezi. Kweli, na mimi hilo linanikera, watoto wa shule wanaletwa lakini mama zao wanakiona kisiwa kwa mbali tu. Ila ada ya juu inaweza kupunguzwa siku fulani kwa wenyeji, kanuni ikishavunjwa mbele ya macho ya wavuvi hairudi kirahisi.

Kwa hiyo kama mimi ningepewa kupanga, yoti ingebaki mbele ya Mji Mkongwe kwenye nanga yake, wenyewe waje na boti ya kisiwa kama wageni wengine, nafasi ikiwa imejaa wasubiri kesho. Tena walipe zaidi kidogo, na hiyo nyongeza iende kwenye siku ya wenyeji, mama wa Chukwani, kule pwani ya Unguja, naye apande zile ngazi 131. Wakiona ni usumbufu, bahari ni kubwa na mnara unaonekana vizuri tu kutoka mbali.