Elementi Mbili Zatosha, Lakini Je, Tunajua kwa Nini?

Katika hisabati, kundi ni mkusanyiko wa elementi zinazoweza kuzidishwa pamoja na kutenduliwa bila kutoka nje yake, na kijikundi ni kundi dogo lililomo ndani yake. Kundi sahili lenye ukomo, yaani lile lisilo na kijikundi cha kawaida (cha aina inayoweza kuligawa kundi) ila kile cha elementi moja na kundi lenyewe, huzalishwa na elementi mbili tu: ukizichagua vizuri, kwa kuzizidisha tena na tena utazifikia zote. Hata kundi linaloitwa Monster, ambalo idadi ya elementi zake ni namba ya tarakimu 54, halihitaji zaidi. Robert Steinberg alithibitisha hayo kwa makundi ya aina ya Lie (familia kubwa zinazotokana na matrisi) mwaka 1962, na mwaka 1984 Michael Aschbacher na Robert Guralnick wakamalizia yale 26 ya pekee, yasiyo katika familia yoyote. Ukweli wa teorema hii haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama imeelezwa.

Wanaosema haijaelezwa wana hoja. Uthibitisho umeegemea uainishaji wa makundi sahili, yaani orodha kamili ya makundi hayo yote, kazi ya maelfu ya kurasa ambayo pengo lake kubwa lilizibwa na Aschbacher na Stephen Smith mwaka 2004 tu. Unaipitia orodha, familia baada ya familia, na kila mara jibu ni ndiyo. Anayeuliza sababu huonyeshwa orodha.

Upande wa pili hujibu kwa uwezekano. Elementi mbili zikishindwa kuzalisha kundi, basi zimo pamoja katika kijikundi kikuu fulani, yaani kile kisichomezwa na kingine ila kundi zima. Tuchukue A5, kundi la mipangilio shufwa ya vitu 5 (ile inayopatikana kwa kubadilishana vitu viwili viwili mara shufwa), lenye elementi 60. Vijikundi vyake vikuu ni 5 vya elementi 12, 6 vya elementi 10, na 10 vya elementi 6. Jozi ya nasibu huangukia kijikundi kimoja cha elementi 12 kwa uwezekano wa 12/60 mara 12/60, yaani 1/25, na kwa kuwa viko 5, vinachangia 1/5. Vingine vinachangia 1/6 na 1/10. Jumla ni 14/30, hivyo angalau 16/30 ya jozi huzalisha kundi. Jozi zilizohesabiwa zaidi ya mara moja zikirekebishwa, jibu kamili ni 19/30. Makundi yakikua, uwezekano huo hukaribia 1: John Dixon alionyesha hivyo kwa makundi ya mipangilio shufwa mwaka 1969, na familia nyingine zikakamilishwa kufikia mwaka 1995.

Kwa maoni yangu hayo ni maelezo ya kweli, ila hayajajitegemea. Dixon hakuhitaji uainishaji, kwani teorema za zamani za Camille Jordan kuhusu mipangilio zilimtosha. Kwingineko, kwamba vijikundi vikuu ni vichache na vidogo vya kutosha twalijua kwa sababu orodha imeshapitiwa. Uwezekano umelisogeza swali hatua moja tu. Hata tokeo zuri la Guralnick na William Kantor la mwaka 2000, kwamba kila elementi isiyo kitambulisho (ile isiyobadilisha kitu ikizidishwa) ina mwenzake wa kuzalisha naye kundi zima, limepita njia hiyohiyo. Bila orodha, haujulikani uthibitisho hata wa dai hafifu zaidi, kwamba ipo namba moja ya elementi, iwe 2 au 2,000, inayoyatosha makundi sahili yote.