Noto: roshani zinasifiwa, kuta zinasahauliwa

Ukipanda mtaa wa Via Nicolaci mjini Noto, kusini mashariki mwa kisiwa cha Sicily nchini Italia, shingo itakuuma kwa kutazama juu. Roshani za kasri la Palazzo Nicolaci zimebebwa na sanamu za mawe: simba, nguva, farasi wenye mabawa, watoto wanene mashavu. Kila roshani ina viumbe wake. Vyuma vyake vimepindwa vikatokeza mbele kama tumbo la mjamzito. Jiwe ni la chokaa, laini, lenye rangi ya asali, ndiyo maana mafundi waliweza kulichonga namna ile.

Nayapenda mno makasri haya, na ndiyo sababu sifa tunazoyapa zinanitia wasiwasi. Tunasifu uso tu.

Noto ya kale ilibomolewa na tetemeko la tarehe 11 Januari 1693, lililoua watu wapatao 60,000 katika eneo lile. Walionusurika walijenga mji mpya mahali pengine, wakiwa na wasanifu hodari kama Rosario Gagliardi, na matajiri wakashindana kwa makasri. Mwaka 2002 UNESCO iliutia mji huo kwenye Urithi wa Dunia, pamoja na miji mingine saba ya eneo la Val di Noto.

Lakini miaka sita kabla ya heshima hiyo, usiku wa tarehe 13 Machi 1996, kuba la kanisa kuu liliporomoka pamoja na sehemu kubwa ya paa. Mungu bariki, hakuna aliyekufa. Ilibainika kwamba nguzo zilivikwa mawe mazuri kwa nje, ila ndani zilijazwa kokoto na vifusi. Tetemeko la Desemba 1990 lilikuwa limeshazidhoofisha, na juu yake kulikuwa na paa zito la zege, lililowekwa karne ya 20 badala ya mbao. Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 2007, nguzo zikiwa zimejengwa upya kwa mawe.

Kwa maoni yangu, fedha za ukarabati zianzie ndani ya kuta za makasri, ndipo zifike kwenye sanamu. Najua kazi hiyo haipigwi picha. Mwezi Mei, wakati wa Infiorata, tamasha la maua, Via Nicolaci hutandikwa petali za maua na wageni hufurika. Siku hizo hakuna anayeuliza habari za nguzo. Mimi ningelipa tiketi ya Palazzo Nicolaci hata mara mbili, mradi nionyeshwe ukuta uliopimwa na nyufa zilizozibwa.