Dawa za nano na mgonjwa wa visiwani

Mazungumzo ya dawa za nano, yaani zilizoundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, yakizuka barazani hapa Lamu, watu hugawanyika papo hapo. Wapo waliosikia kwamba siku hizi kuna chembe zinazotumwa mwilini kuusaka uvimbe wa saratani, zikauangamiza na kuacha viungo vingine salama, wakaamini kuwa muujiza umeshafika. Wapo wanaokumbuka yaliyosemwa wakati wa korona kuhusu vyuma ndani ya sindano, nao hukataa kabla hata ya kusikiliza. Naona pande zote mbili zinabishania kitu ambacho hakipo. Kilichopo ni cha kawaida zaidi, na kwetu sisi tunaoishi mbali na hospitali kubwa kina maana zaidi ya tunavyodhani.

Chukua doksorubisini, dawa ya saratani ya miaka mingi. Ni nyekundu. Mama mmoja jirani yetu hapa Langoni alipowekewa dripu yake mara ya kwanza, mkojo ulitoka mwekundu akadhani anavuja damu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni rangi ya dawa tu. Hilo halidhuru. Linalodhuru ni kwamba dawa hii ikizidi mwilini huuharibu moyo. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, ambayo ni doksorubisini ile ile iliyofungiwa ndani ya vitone vya mafuta viitwavyo liposomu, vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Unywele wa mtu una upana wa karibu nanomita 80,000. Ikiwa imefungiwa hivyo, dawa hukaa kwenye damu muda mrefu na moyo huathirika kidogo. Lakini inaleta adha yake: viganja na nyayo huwaka, zikababuka ngozi.

Wenye mashaka wana hoja nzito kuliko ile ya vyuma, ila ni wachache wanaoitaja. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka kumi, nyingi zikiwa za panya, wakapima ni kiasi gani cha chembe za nano hufika kwenye uvimbe. Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7. Sehemu kubwa ya zilizobaki hunaswa na ini na wengu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba dawa inakwenda moja kwa moja kwenye saratani anatia chumvi, na mgonjwa aliyeuza shamba kwa sababu ya neno hilo amedhulumiwa. Usalama nao si wa kuchukuliwa hivi hivi. Feraheme, chembe za madini ya chuma za kutibu upungufu wa damu, iliwekewa onyo kali Marekani mwaka 2015 kwa sababu ya mzio uliowaua baadhi ya wagonjwa.

Nikipima yote hayo, naona dawa nyingi za aina hii zimefanikiwa zaidi kupunguza madhara kuliko kurefusha maisha. Wengine hulitaja hilo kama udhaifu. Mimi silioni hivyo, na sababu yangu ni ugonjwa mwingine kabisa.

Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu huwaua watu wengi wenye VVU. Dawa yake, amfoterisini ya kawaida, huchokoza figo na kupunguza damu, hivyo mgonjwa hulazwa siku nyingi, dripu kila siku, damu ikipimwa tena na tena. Jaribio lililofanywa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kwa wagonjwa zaidi ya 800 lililinganisha dripu za siku saba za dawa hiyo na dripu moja tu ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na vidonge. Ndani ya wiki kumi, vifo vilikuwa asilimia 24.8 kwa waliopata dripu moja na 28.7 kwa wale wengine, na madhara makali yalipungua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo.

Sasa mfikirie mgonjwa wa Faza, kisiwani Pate. Kwanza boti, na kusi ikivuma si safari ya mtu anayetapika. Akihitaji hospitali kubwa zaidi, kuna Mokowe, basi la Garsen, Malindi, Mombasa. Ndugu anayemuuguza ameacha nyavu zake, analala kwenye mkeka uani na kununua chakula cha mjini. Tofauti kati ya dripu moja na dripu saba, kwa familia hiyo, ndiyo tofauti kati ya kumaliza matibabu na kuyaacha njiani.

Mfano mwingine uko jirani zaidi. Chanjo ya malaria ya R21, ambayo yenyewe ni chembe ya nano, ilijaribiwa kwa watoto katika nchi nne, na Kilifi, kaunti ya ndugu zetu wa Malindi, ilikuwa kituo kimojawapo. Katika maeneo yenye malaria mwaka mzima, Kilifi ikiwemo, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Kichocheo chake, kile kinachoamsha kinga ya mwili, kinatengenezwa kwa magome ya mti wa Chile. Sisi tunaochemsha mwarobaini tusingepaswa kulishangaa hilo. Dozi moja ni dola 2 hadi 4.

Bei hiyo ndiyo inayonifanya nisikubali kuziweka dawa hizi zote kapu moja. Onpattro, dawa ya nano ya ugonjwa adimu wa mishipa ya fahamu, ilitoka mwaka 2018 ikiwa na bei ya takriban dola 450,000 kwa mwaka. Na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ina kikomo cha inacholipia saratani kila mwaka; dawa ghali ikikimaliza mapema, mizunguko ya matibabu iliyobaki ni ya michango ya harusini na misikitini. Kwa hiyo anayeandikiwa dawa ya aina hii amuulize daktari wazi: itanizidishia uhai au itanipunguzia mateso, na ile ya zamani ingenifanya nini? Daktari ana wajibu wa kumjibu kabla mgonjwa hajasaini chochote, na kwa lugha anayoielewa.